Ndugu yako kashikwa? Jinsi ya kumtoa kwa dhamana, na kwa nini hakimu anaweza kukataa

Simu za hivi huwa zinakuja usiku. Yangu ilikuja Ijumaa saa tano, dogo mtoto wa mama mdogo kapigana baa, mwenzake kachanwa mkono na chupa, polisi wamembeba na defenda. Mama mdogo analia, nyuma yake nasikia watu wanabishana, mmoja anasema itafutwe laki tatu ipelekwe kituoni usiku huu huu, mwingine anasema kesi ya damu haina dhamana kwa hiyo tulale tu. Wote wawili walikosea, ila ukiwa na presha humsikii mwenye akili, unamsikia anayeongea kwa sauti kubwa.

Dogo alitoka Jumatano mchana. Angeweza kutoka Jumatatu. Hizo siku mbili zilipotea kwa sababu ya karatasi, nitaeleza mbele. Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye simu imeshamkuta, na ninachoongelea ni Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria yao ya mwenendo wa jinai ya 2018, Kenya ndo kabisa mambo yao tofauti, nitawagusa kidogo huko chini.

Kwanza tuelewane dhamana ni nini

Dhamana sio faini wala sio kumnunua mtu. Sio pia kwamba kesi imeisha, maana nimeona watu wanapiga vigelegele nje ya mahakama halafu tarehe ya kesi hawaikumbuki. Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kweli ana hatia. Sasa kama bado hana hatia unamfungia nini? Lakini upande wa pili kuna mtu kachanwa mkono, ana mke na watoto, na yeye anauliza huyu akitoka leo nani ananilinda mimi?

Dhamana ipo katikati ya hayo mawili. Maswali ambayo polisi na hakimu wanayapima ni kama haya: akitoka atarudi siku ya kesi? Ataenda kutisha mashahidi au kupoteza ushahidi? Kuna mtu ataumia, akiwemo yeye mwenyewe? Kila karatasi utakayoombwa na kila sharti utakalopewa linajibu mojawapo ya hayo. Ukilijua hilo mapema hutapigana na karani kwa hasira, utakuwa unampelekea majibu.

Ukifika kituoni

Nenda ukiwa umetulia, na kama inawezekana nendeni watu wawili, msiende ukoo mzima. Kaunta uliza vitu vitatu tu: anashikiliwa kwa kosa gani, mpelelezi wa kesi ni nani, na lini anapelekwa mahakamani. Andika kwenye simu. Ukijibiwa "bado tunachunguza" uliza kwa upole kosa gani, kwa sababu mtu ana haki ya kuambiwa kakamatwa kwa lipi.

Polisi wenyewe wanaweza kutoa dhamana, sio lazima mfike mahakamani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema mtu aliyekamatwa bila hati, kama haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo aangalie shauri lake na kama kosa sio zito amuachie kwa kusaini bondi, iwe na wadhamini au bila. Hizo ndo zile "saa 24" kila mtu anazitaja mtaani, ila wengi wanadhani zikipita tu mlango unafunguka wenyewe. Haufunguki. Wewe ndo inabidi uwepo pale na mdhamini mkononi useme afande, tunaomba dhamana, mdhamini huyu hapa, barua hii hapa. Kuna na muda wa mahojiano, saa 4 za mwanzo ambazo zinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi saa 8 nyingine, huo ni wa kuhojiwa na usiuchanganye na hizo 24.

Halafu hili naomba ulishike: dhamana ya polisi ni bure, na vituo vingi wameibandika ukutani kabisa. Ukiombwa "hela ya karatasi", "mafuta ya gari" au "chai ya mpelelezi", hiyo ni rushwa, na namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Najua utasema nikipiga ndugu yangu atateseka. Sikulaumu. Ila jua kwamba hela ukishatoa ya kwanza, kesho kuna ya pili, na risiti huna.

Kwa dogo polisi walikataa kumpa dhamana Jumamosi, na kusema kweli mpaka leo naona walikuwa na sababu. Yule aliyechanwa alikuwa bado hospitali na PF3, ile fomu ya polisi anayojaza daktari kuhusu jeraha, haijarudishwa. Mpelelezi akaniambia waziwazi, "mzee, yule akifa asubuhi hii sio kesi ya kujeruhi tena, ni mauaji, na mimi nimeshamuachia." Nilitaka kubishana nikakosa la kusema. Kwa hiyo kama ndugu yako kashikwa kwa ugomvi, cha kwanza kufuatilia ni hali ya majeruhi, na hapa sisemi mwende hospitali kumshawishi afute kesi, huo ni mtego, mtaonekana mnavuruga ushahidi na dhamana inaweza kufa hapo hapo. Muulize mpelelezi tu PF3 imerudi? Ikirudi inaonyesha jeraha la kawaida, mnaomba tena.

Kama aliyeshikwa ni mtoto chini ya miaka 18, sema umri wake mapema na uwe na cheti cha kuzaliwa, maana Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka aachiwe kwa mzazi au mlezi isipokuwa kwa makosa mazito, na akibaki ndani asichanganywe na watu wazima. Nimeona mtoto wa miaka 16 kaandikwa 19 kisa ana kimo.

Karatasi, hapa ndo watu wanapotea

Jumatatu asubuhi dogo akapandishwa kizimbani, shitaka la kujeruhi, akakana. Hakimu akasema dhamana iko wazi, wadhamini wawili wanaoaminika, wawe na barua za utambulisho na vitambulisho, kila mmoja asaini bondi ya shilingi milioni 3. Mama mdogo kusikia milioni 3 mara mbili akakaa chini kabisa kwenye sakafu. Akawa anahesabu kwa sauti, kiwanja cha Mkuranga, ng'ombe za babu.

Nikamwambia mama, hulipi kitu. Kusaini bondi ya milioni 3 ni kuahidi kwa maandishi kwamba huyu mtu asipokuja mahakamani, mimi mdhamini nitadaiwa hiyo milioni 3. Akija kila tarehe mpaka kesi iishe, hakuna anayekudai hata mia. Ni mpaka hakimu aseme "fedha taslimu" au "hati ya mali isiyohamishika" ndo unaweka kitu mezani. Sikiliza maneno ya hakimu vizuri, na kama hujasikia mfuate karani baadae akusomee kilichoandikwa kwenye jalada, usitegemee alichosikia jirani yako wa benchi.

Basi wadhamini tulikuwa nao, mimi na baba mdogo. Mimi nikakubaliwa. Baba mdogo akakataliwa. Barua yake ya serikali ya mtaa imeandikwa Husein, kitambulisho cha NIDA kinasema Hussein, halafu picha iliyobandikwa haijagongwa muhuri, muhuri uko pembeni kwenye karatasi nyeupe. Karani akatutazama tu akasema, "nitajuaje kama picha hii hamjaibandika nyie nje hapo?" Tukarudi mtaani mbio, mtendaji kaenda kikaoni wilayani. Saa tisa na nusu mahakama imeshafunga hesabu, karandinga limeondoka, dogo yumo ndani anakwenda mahabusu gerezani. Kwa herufi moja na muhuri!

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya siku ya mahakama, usisubiri hakimu ataje masharti. Tafuta watu watatu hata kama unadhani watahitajika wawili, maana mmoja lazima atakuangusha. Kila mmoja aende kwa mtendaji wa mtaa anakoishi yeye, sio anakoishi mshtakiwa, apate barua yenye jina kamili herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho, mtaa, kata, kazi yake, ameishi hapo muda gani na ana uhusiano gani na mshtakiwa. Picha ndogo ibandikwe juu na muhuri upite nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Kitambulisho cha NIDA chenyewe, sio namba iliyoandikwa kwenye simu, ingawa wengine wanakubali leseni ya udereva, pasi ya kusafiria au kadi ya mpiga kura, inategemea mahakama. Mwenye ajira aje na kitambulisho cha kazi na ikiwezekana barua ya mwajiri. Kuna mahakimu wanataka mmoja wa wadhamini awe mtumishi wa umma, kwa hiyo kama ukoo wenu una mwalimu au nesi, mpigie mapema umuombe kwa heshima, asishtukizwe kwenye korido.

Toa kopi mbili mbili za kila kitu. Mvae vizuri. Na mdhamini lazima ajue kesi inahusu nini, kwa sababu hakimu anaweza kumuuliza, "huyu ni nani wako, anaishi wapi, anafanya kazi gani?" Niliona mzee mmoja akijibu "namfahamu kwa sura", akaambiwa arudi akakae.

Hapo nje ya mahakama utawakuta vishoka, jamaa wanakuambia kwa elfu hamsini nakudhamini mimi, barua ninazo tano. Achana nao. Mdhamini wa kukodi akigundulika ni kesi nyingine, ya kughushi au kudanganya mahakama, na safari hiyo mtakuwa wote ndani.

Kama ni hati ya nyumba au kiwanja inayotakiwa, andaa hati halisi, uthibitisho wa ofisi ya ardhi kwamba ni ya mdhamini na haina mkopo, na thamani yake kwa maandishi. Mwenza wake awe amekubali, tena kwa kusaini, sio "ameshakubali tu atakuja kesho". Hii inachukua siku, kwa hiyo kama kesi ni ya mali nyingi anza nayo mapema.

Na msikate tamaa masharti yasipotimia siku ile ile. Hakimu akipanga tarehe nyingine hata baada ya siku 14 haimaanishi mnasubiri siku 14. Siku yoyote ya kazi wadhamini wakiwa tayari mnarudi kwa karani, mnaomba hati ya kumleta kutoka gerezani, anakuja, wadhamini wanasaini mbele ya hakimu, anatoka. Sisi tulikamilisha Jumanne, hati ikaenda gerezani, Jumatano akaletwa. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo linawezekana, ni askari magereza mmoja mama mtu mzima ndo alitunong'oneza.

Hakimu anapoogopa

Sasa tuje kwenye usalama wa watu, maana wengi wetu tukisikia "dhamana imekataliwa" tunadhani hakimu kala hela. Wakati mwingine ana hofu ya kweli na hofu hiyo imeandikwa kwenye sheria. Mtu aliyewahi kupewa dhamana akatoroka au akavunja masharti, sheria inamfungia mlango. Aliyewahi kufungwa zaidi ya miaka 3, vilevile. Na kuna kipengele watu hawakijui, hakimu anaweza kumnyima mtu dhamana kwa ajili ya usalama wa huyo mshtakiwa mwenyewe. Usicheke. Fikiria mtu anadaiwa kumgonga mtoto wa shule na kukimbia, mtaa mzima una mawe mikononi, unamtoa saa sita mchana anarudi nyumba ile ile. Wananchi wenye hasira kali hawasomi Katiba.

Kwa hiyo kama unajua kuna hasira mtaani, usiende mahakamani kusema "hamna shida, watu wameshasahau". Nenda na mpango. Kwa dogo, mwendesha mashtaka alisimama akasema majeruhi anaishi mtaa mmoja na mshtakiwa, nyumba ya nne, na mshtakiwa akitoka wataonana kila siku. Ni kweli tupu. Tukaomba wakili wa msaada wa kisheria aseme kwamba dogo atakwenda kuishi kwa mjomba wake wilaya nyingine mpaka kesi iishe, anwani hii, mjomba mwenyewe huyu hapa amesimama. Hakimu akaandika masharti: asimkaribie majeruhi, asifike mtaa ule, aripoti kituo cha polisi cha huko kila Jumatatu. Naamini hicho ndo kilimtoa kuliko hata bondi zetu za milioni 3, kwa sababu mtu maskini akikimbia, hiyo milioni utaikamua wapi? Lakini ukijua analala wapi, nani anamuona kila wiki, na yule aliyeumia hatamuona mlangoni kwake, unaweza kumtoa ukalala usingizi.

Sheria inaruhusu masharti ya aina hiyo: kusalimisha pasi ya kusafiria, kutotoka eneo fulani bila ruhusa, kuripoti polisi kwa siku zilizopangwa, kutofika mahali fulani. Usingoje upewe, yapendekeze mwenyewe. Hakimu akiona familia imekuja na majibu anaona watu wa kuwaamini. Mwambie pia vitu vinavyomfunga mshtakiwa na mji: ana genge sokoni, mke mjamzito, anasoma VETA, ana mama mgonjwa anayemhudumia. Uwe na ushahidi wa hivyo, hata kadi ya kliniki.

Makosa ambayo utapigania bure kwa hakimu

Kuna yale ambayo hakimu hana uwezo nayo hata akikuonea huruma. Mauaji ya kukusudia, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, kunajisi mtoto, ugaidi, utakatishaji fedha, na dawa za kulevya zikifika kiwango kilichotajwa. Hapo utasikia mshtakiwa anaambiwa "hutakiwi kujibu chochote" na kesi inaahirishwa kila baada ya wiki mbili, kwa sababu sheria inataka mahabusu arudishwe mahakamani ndani ya siku 15. Kuua bila kukusudia ni kitu kingine, hiyo ina dhamana, ndo maana neno moja kwenye hati ya mashtaka linaweza kuwa tofauti kati ya kulala nyumbani na kukaa ndani miaka.

Kesi za mali na fedha nyingi zina kanuni ya nusu: thamani ikizidi kiwango cha sheria, mshtakiwa anaweka nusu yake kwa fedha taslimu au mali, na nusu iliyobaki inasainiwa bondi. Na zikiwa za uhujumu uchumi, chini ya Sura ya 200, zikivuka kiwango cha mahakama za chini maombi ya dhamana yanakwenda Mahakama Kuu kwa maandishi na kiapo. Hapo tafuta wakili tu, usijaribu mwenyewe.

Orodha hii ya makosa yasiyo na dhamana ina historia ndefu ya watu kuipinga. 1991 Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Daudi Pete ilisema sehemu ya kifungu cha 148(5) cha ile Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inakwenda kinyume na Katiba. Bunge likarudi kukirekebisha. Kulikuwa na kifungu cha 148(4) kilichompa DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, uwezo wa kutoa hati kwamba mtu asipewe dhamana kwa usalama au maslahi ya taifa, na hati ikishaletwa hakimu mikono imefungwa, mshtakiwa hasikilizwi. Wakili Jeremia Mtobesya akakipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu, na 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Halafu Mei 2020, kwenye shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ikasema 148(5) yote kwa habari ya makosa yasiyo na dhamana haifai. Watu tukashangilia. Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaibatilisha hukumu hiyo, kifungu kikarudi mahali pake.

Mimi maoni yangu, sio ya wakili: kumnyima mtu dhamana kwa kuangalia jina la kosa peke yake ni uvivu. Wakenya kwenye Katiba yao ya 2010, Ibara ya 49(1)(h), kila kosa lina dhamana, hata mauaji, isipokuwa upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito za kumzuia mtu huyo. Na wanazuiwa, sio kwamba wauaji wanatembea tu Nairobi, mahakama inaangalia kama ametisha mashahidi, kama ana pa kukimbilia, kama jamii imetulia. Yaani swali linaulizwa juu ya mtu. Huku kwetu mtu aliyebandikiwa utakatishaji fedha na mtu aliyeua wanapimwa kwa kipimo kimoja. Anayenipinga atasema polisi wetu hawana uwezo wa kuwafuatilia watu wakishatoka, na hapo simbishii sana.

Ikikataliwa au ikiwa kubwa kupita uwezo

Sheria inasema kiasi cha dhamana kiangalie mazingira ya kesi na kisiwe cha kupindukia, na Mahakama Kuu inaweza kuamuru kipunguzwe au mtu apewe dhamana pale mahakama ya chini au polisi wamekataa. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kurudi kwa hakimu yule yule na kumueleza, mheshimiwa, tumeshindwa kupata mtumishi wa umma, tunaomba sharti lilegezwe, tuna wafanyabiashara wawili wenye leseni. Mara nyingi inakubalika, nimeona kwa macho yangu. Ikishindikana ndo Mahakama Kuu. Huna hela ya wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako, wanawajua.

Kesi ikisuasua kwa "upelelezi haujakamilika", ujue kuna kikomo kwa kesi zinazosikilizwa na mahakama za chini: siku 60, na kuendelea zaidi ya hapo kunahitaji hati ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, baadae ya ngazi za juu zaidi. Muulize hakimu kwa adabu, "mheshimiwa, siku 60 zimeisha, hati ipo?" Korido nzima itageuka kukutazama.

Akishatoka

Tarehe, tarehe, tarehe. Iandike ukutani, iweke kwenye simu za watu watatu. Akiugua, mdhamini aende na karatasi ya hospitali siku ile ile, sio wiki ijayo. Asipotokea bila taarifa hakimu anatoa hati ya kukamatwa, na mdhamini anaitwa aeleze kwa nini asilipe ile bondi. Asipolipa mali zake zinaweza kukamatwa, hata kifungo kinawezekana. Kama wewe mdhamini umeanza kuona jamaa anauza vitu, hapokei simu, anaongelea Msumbiji, una haki ya kwenda mahakamani kuomba kujitoa. Nenda kabla hajapanda basi.

Na kama wewe ndo upande wa aliyeumizwa, kumuona mtu mtaani haimaanishi kesi imefutwa. Muulize mwendesha mashtaka masharti aliyopewa ni yapi. Akikutumia meseji za vitisho usifute, akija mlangoni kwako andika siku na saa, toa taarifa polisi upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo, halafu mpelekee mwendesha mashtaka aombe dhamana ifutwe. Inafutwa kweli. Akiwa anafuatilia mashahidi, ipo na Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, itaje. Jambo la kukaa kimya ukasubiri tarehe ya kesi ndo useme "alinitisha mwezi uliopita" linakupunguzia nguvu.

Dogo aliripoti kila Jumatatu miezi saba, mara moja alichelewa saa mbili akakalishwa benchi mpaka jioni, hakurudia. Kesi iliisha kwa kutiwa hatiani kwa kosa dogo zaidi, akalipa faini na fidia. Yule jamaa mkono umepona, ana kovu.

Kitu cha mwisho cha vitendo, kesi ikiisha usiondoke mahakamani ukasahau mali zako. Bondi inakufa yenyewe, lakini fedha taslimu, pasi na hati ya nyumba unaviomba. Unaandika barua, unaambatanisha nakala ya hukumu au amri ya mwisho na risiti uliyopewa wakati wa kuweka, unampa karani, unasaini kwenye kitabu. Shangazi yangu aliweka hati ya nyumba kwa kesi nyingine kabisa ya mtu wa kanisani kwao, kesi ikaisha, watu wakala pilau, hati ikabaki stoo ya mahakama miaka miwili mpaka alipotaka mkopo ndo akaikumbuka. Risiti aliikuta ndani ya Biblia.